Ndoo ya Maji ya Jana

"Hakuna mtu ameibiwa kama mimi! Toka Kisumu mpaka Toronto, tangu dunia iumbwe, hakuna! Watu wanaibiwa gari, wanaibiwa ng'ombe, wengine wanaibiwa mpaka mke. Mimi nimeibiwa harufu! Harufu, mama! Hebu nusa hii. Nusa!"

Huyo ni Noordin Alimohamed, mwenye kiwanda, amesimama katikati ya chumba cha kazi na viatu vya nje, jambo ambalo amelikataza yeye mwenyewe na tangazo akabandika mlangoni. Mkononi ana kipande cha jibini ya mbuzi, amekifunga kwa tishu kama jino lililong'olewa. Anayeambiwa anuse ni Cherotich. Cherotich hanusi. Anaosha makopo yake moja moja, anayainua kwenye mwanga wa dirisha kuangalia kama matundu yameziba, anayapanga.

"Nimeinunua leo asubuhi sokoni, kwa Jalaludin," Noordin anaendelea. "Binamu yangu! Damu yangu! Majivu ni yale yale, bua katikati ni lile lile. Nimeweka mdomoni nikaona kama nimejiuma ulimi. Ameitoa wapi ladha hii? Ameiota?"

"Labda ana maziwa mazuri," Cherotich akasema.

"Maziwa ananunua kwa mkulima yule yule wetu!"

"Basi si ndiyo hiyo sababu, bosi."

Mimi nilikuwa mlangoni na kreti tupu. Naitwa Mogaka, naendesha gari la friji la kiwanda hicho, na kazi ya dereva ni kupeleka mzigo, si kusikiliza ugomvi wa watu. Lakini siku hiyo kreti zilikuwa nyingi, ikabidi nizipange polepole.

Kabla sijawaambia yaliishaje, lazima kwanza mumjue huyu mama, kwa sababu ukimwona kwenye kituo cha basi na mwavuli wake, kiangazi na baridi, utadhani ni mtu wa kawaida tu anayekwenda kanisani.

Cherotich ni wa Bomet. Kwao kila nyumba ina vibuyu vya mursik. Wanachukua makaa ya mti fulani wanaoujua wao, wanasugua kibuyu kwa ndani, wanamimina maziwa, wanafunga, yanakaa mpaka yanachacha, na yakitoka yana rangi ya kijivu kama mvua inakuja. Sisi Wakisii, majirani zao, huwa tunayacheka sana maziwa hayo, halafu tukialikwa tunanyoosha kikombe mara ya pili.

Alikuja Toronto mwaka wa elfu mbili na tatu kumfuata mumewe. Mumewe anaendesha lori refu mpaka Alberta na kurudi, kwa hiyo alimfuata akamkuta hayupo. Wakapanga Dixon Road, ghorofa ya juu kabisa, karibu na uwanja wa ndege. Ndege ikishuka unaweza kumpungia rubani mkono. Watoto wakaingia shule. Baada ya muda mfupi ukiwasemesha kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza, na mama yao akiwasemesha Kikalenjin wanajibu kwa mabega. Yule mkubwa, Derek, aliwahi kuniuliza kama mama yake anaelewa Kiingereza. Nikamwambia anaelewa sana, ila hana haraka ya kujibu. Na hiyo ndiyo tabia ya Cherotich yote kwa jumla. Muulize saa, atakwambia jua limetoka.

Alikuwa anafagia ofisi za watu. Siku moja akatumwa Scarborough, upande wa pili wa mji, basi moja mpaka treni, treni mpaka basi jingine, akasinzia akapitiliza kituo. Akashuka mahali asipopajua, penye duka la matairi, duka la nguo za harusi za Kihindi na uwanja mkubwa wa kuegesha magari. Upepo ukavuma. Ukaja na harufu ya maziwa yaliyochacha na majivu.

Sasa mtu mwingine angefunga pua. Cherotich alisimama. Akajiambia, hapa kuna nyumba ya Mkalenjin. Hakuwa na shaka hata kidogo. Akaifuata ile harufu nyuma ya maduka, mpaka kwenye mlango wa chuma usio na jina, akagonga, akaamkia kwa sauti, "Chamge!"

Mlango ukafunguliwa na mzee wa Kifaransa, mfupi, mikono imejaa majivu mpaka kwenye viwiko.

Huyo alikuwa mzee Firmin, mtu wa Touraine, huko Ufaransa. Yeye alidhani mama amekuja kutafuta kazi. Cherotich naye alidhani wenye nyumba wako ndani, huyu ni fundi tu. Akaingia kuwatafuta. Walipokuja kuelewana, tayari alikuwa amevishwa aproni.

Mimi sikuwepo. Haya amenieleza mwenyewe kidogo kidogo kwenye gari, kwa miaka, na pale aliponyamaza nimejaziliza. Lakini jibini nimeiona ikitengenezwa kwa macho yangu, na nitawaambia, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa kwa nini mtu mzima alilia kwa ajili ya ndoo.

Maziwa ya mbuzi yanakuja yakiwa bado na joto la kiwele. Hayachemshwi yakatokota, la. Yanawekwa kwenye mabeseni makubwa, yanatiwa dawa ya kugandishia, tone tu, na ule mchango wa ndoo ambao nitausema sasa hivi. Halafu yanaachwa. Hakuna kukoroga, hakuna kugusa, hata mlango unafungwa taratibu. Yanalala mchana kutwa na usiku kucha, na kesho yake yameganda kama ubongo, laini, na juu yamesimama maji ya kijani kibichi kidogo. Hapo Cherotich anachukua upawa. Anachota kipande, anakiteremsha ndani ya kopo refu lenye matundu, pana juu kuliko chini, bila kukivunja. Anachota kingine. Ukimsemesha wakati huo unaongea na ukuta. Maji yanachuruzika, mgando unashuka, anaongeza, unashuka tena. Ukishikana anautoa kwenye kopo, umekuwa kigogo cheupe kama mshumaa mnene, upande mmoja mwembamba kuliko mwingine. Kigogo hicho kimelegea, ukikiinua vibaya kinakatika. Ndiyo maana wanakipitishia bua kavu katikati, kutoka huku mpaka huku, kama mfupa. Halafu kinaviringishwa kwenye majivu na chumvi, kinawekwa juu ya chanja, kikauke, kigeuzwe kila siku, kiote ukungu wake wa kijivu taratibu. Wazungu wanakila hicho na mkate na kufumba macho.

Na mchango wa ndoo? Ni yale maji ya maziwa yaliyochuruzika. Mengi wanapewa nguruwe wa mkulima, lakini kila siku unabakiza ndoo moja. Maji ya jana ndiyo yanayolaza maziwa ya leo, na ya leo yatalaza ya kesho. Mzee Firmin alikuwa ameyarithi kwa mama yake, na mama yake kwa mwingine, na alikuja nayo Kanada ndani ya chupa kwenye begi. Alivyoyapitisha uwanja wa ndege sikuuliza, na nyinyi msiulize. Ladha yote imo humo. Ukinunua chachu ya paketi utapata jibini, ndiyo, lakini itakuwa jibini ya mtu yeyote.

Jambo hili Cherotich hakuhitaji kufundishwa. Kwao pia maziwa ya nyumba yakikataa kuchacha vizuri, unamtuma mtoto kwa jirani na chombo, anatiliwa kidogo, mnaanza upya. Na mzee Firmin, ambaye aliogopa moto kuliko kifo, akamwambia kila Jumamosi achukue mtungi mmoja wa kioo aende nao kwake, akauweke kwenye friji, ili hata kiwanda kikiungua chote, maji yawe yapo. Kwa hiyo kila Jumamosi mama alivuka mji mzima na mtungi wake mapajani, na kila wiki ya zamani aliyamwaga ili mtungi ujazwe mapya. Watu wa kwenye basi walikuwa wanamwachia nafasi.

Mwaka wa elfu mbili na tisa magoti ya mzee yakamshinda, akauza, akaenda kwa binti yake Quebec. Aliyenunua ndiye Noordin.

Noordin ni Mwismaili wa Kisumu, wa familia ya mkate. Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu, na akikasirika sana anahamia Kijaluo. Si mtu mbaya. Mke wangu Nyanchama alipojifungua alituletea chakula wiki nzima. Lakini ana ugonjwa mmoja: anashuku. Akikuta barua mlangoni anaigeuza aone nyuma kumeandikwa nini. Mabua ya kupitisha kwenye jibini alikuwa anayafunga vifungu na uzi wa rangi, ili ajue likipotea moja. Nani ataiba bua? Nilimuuliza. Akanijibu, "Hiyo ndiyo wanataka tufikiri."

Na alikuwa na sababu ya kuwa hivyo, au tuseme alikuwa na Jalaludin. Aliponunua kiwanda, binamu yake huyo alisimama kwenye harusi, mbele ya ukoo, akasema, "Wenzetu wananunua nyumba, Noordin amenunua ukungu!" Watu wakacheka mpaka maharusi wakasahaulika. Tangu siku hiyo hawasemeshani. Wakikutana jamatkhana, yaani msikitini kwao, mmoja anaanza kufunga kamba za viatu, na wote wawili wanavaa viatu visivyo na kamba.

Sasa jibini ikashika. Hoteli zikaagiza, mikahawa ikaagiza, gari langu likawa linatoka limejaa. Na hapo, mwaka wa elfu mbili na kumi na nne, tukasikia kwamba Jalaludin, yule yule wa ukungu, amepanga chumba upande wa magharibi na ameagiza makopo marefu yenye matundu.

Noordin hakulala. Asubuhi alikuja akamkuta Cherotich anavaa koti, ilikuwa Jumamosi, na mtungi uko ndani ya mkoba.

"Hicho nini, mama?"

"Mtungi."

"Ndani ya mtungi?"

"Maji."

"Ya nini?"

"Ya kukaa kwenye friji."

Ukweli mtupu, na hakuna neno hata moja lililomsaidia. Noordin akauchukua mtungi, akamwaga yaliyomo kwenye sinki, akausuuza, akauweka juu ya rafu ya juu kabisa, penye chupa za dawa. "Kuanzia leo," akasema, "hakuna kitu cha kiwanda kinatoka kwa mlango huu isipokuwa na Mogaka." Nikavimba kichwa kidogo, mpaka nilipoona anakuja nyuma yangu kukagua gari.

Cherotich akatazama sinki. Akasema, "Mzee Firmin aliogopa moto." Akachukua mwavuli wake akaondoka.

Niseme sasa kitu nilichokiona mimi. Simshuku mtu, naeleza tu. Baridi ya kabla ya hapo, siku ambayo Noordin alikuwa msikitini kwao, alikuja mama mmoja mtanashati na chupa kubwa ya chai na boksi la kachori. Ni Shahnaz, mke wa Jalaludin. Hawa wanawake hawakuwa na ugomvi na mtu. Waume ndio waliokuwa nao. Alikaa na Cherotich kwenye chumba cha kufungia jibini, wakaongea kwa muda mrefu, Shahnaz akicheka, Cherotich akitikisa kichwa. Alipotaka kuondoka nikamsaidia kubeba ile chupa mpaka kwenye gari, maana nje kulikuwa na barafu. Chupa ilikuwa nzito. Sasa mimi ni mtu wa chai. Watu wawili wakikaa na chai muda wote huo, chupa inatoka nyepesi. Na tena haikuwa ya moto. Niliishika chini, nikasikia baridi.

Labda hawakunywa. Kachori zililiwa, hilo najua, nilibakiziwa mbili.

Baadaye, kwenye gari, nikamrushia Cherotich swali kwa mbali. "Yule mama wa leo alitaka nini?"

"Alikuja kusalimu."

"Na chupa?"

"Kwetu," akasema, "mtu akija kuomba maziwa ya kuanzia na chombo mkononi, harudi na chombo kitupu. Hata kama mmekosana. Hata kama ng'ombe wake amekula mahindi yako. Maziwa hayana ugomvi na mtu."

"Kwa hiyo ulimpa?"

"Nimekwambia ya kwetu, Mogaka. Ya hapa si mnayajua nyinyi."

Nikawasha redio.

Basi turudi kwa Noordin na usingizi wake uliopotea. Alifunga kamera juu ya ndoo. Chumba kile kina mvuke. Kamera ikawa inamwonyesha mawingu tu, akakaa anayatazama mawingu kwenye simu yake hata mezani. Akaona haitoshi. Mwezi wa saba, Jumamosi moja ya joto kali, akafunga ndoo yenyewe kwa mfuniko, akaiweka kwenye buti ya gari, akaenda nayo nyumbani kwake, akaificha gereji. Kisa: Jumapili hakuna mtu kiwandani, na Cherotich alikuwa na ufunguo.

Jumatatu alirudi nayo ameikumbatia. Alikuwa na mafua, pua imeziba, macho mekundu. Akasema kuanzia sasa maji atamimina yeye. Akafunua kidogo, akamimina kwenye mabeseni yote haraka haraka akiwa ametupa mgongo, kama mtu anayeficha mtihani. Cherotich akachovya ncha ya kidole kwenye maziwa, akaonja.

"Bosi, haya maji si yetu."

"Tangu lini yakawa yenu?" Noordin akasema.

Cherotich akajifuta kidole kwenye aproni, na kutoka siku hiyo hakulisema tena. Kazi yake aliifanya kama kawaida. Alichota, aliteremsha, alipitisha mabua. Lakini nilimwona akigeuza vile vigogo kwenye chanja bila kuvitazama, kama anamhudumia mgonjwa ambaye daktari ameshasema.

Ngozi ya jibini ikajikunja. Badala ya ukungu wa kijivu ulionyooka, ikaota mikunjo kama mgongo wa chura, chini yake ute, ukiigusa ngozi inateleza na kuacha nyama. Na harufu! Nilikuwa napeleka kwenye mikahawa, nikawa narudishiwa. Mpishi wa hoteli moja kubwa, Mfaransa, mtu ambaye hajawahi kunisalimia, siku hiyo alinisalimia. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba nikileta nyingine ya namna hii, nisilete nyingine tena. Yule akituacha, wengine wote wanafuata, na kiwanda kinafungwa, na Cherotich anarudi kufagia ofisi, na mimi sijui nitakwenda wapi. Noordin alijua hivyo pia. Maji ya siku ile mbaya ndiyo yaliyolaza ya siku iliyofuata, na hayo yakalaza mengine, kwa hiyo kila ndoo ilikuwa mtoto wa ile. Na katikati ya msiba huo akaenda sokoni, akamkuta Jalaludin nyuma ya meza, anatabasamu, ameuza karibu yote.

Sasa tumefika pale tulipoanzia. Noordin na tishu yake, Cherotich na makopo yake.

"Sikiliza," Noordin akasema, na sauti imeanza kukwaruza. "Mimi si mtoto. Kwake imeingia ladha yangu, siku zile zile kwangu imetoka. Imetembea yenyewe? Umewapa wao maji yangu, halafu yangu ukayaua. Mpaka bizari umetia! Ndiyo! Mafua yameisha sasa, nasikia. Jibini yangu inanuka bizari nyembamba, kama pilau! Ni dawa gani hiyo, mama? Nani alikutuma?"

"Bizari mimi sina," Cherotich akasema.

"Mogaka! Wewe unapita hapa kila siku. Umeona nini?"

"Mimi naona barabara, bosi."

Wakati huo huo mlango wa nyuma ukasukumwa, akaingia Daulat, mke wa Noordin, na mkebe wa chakula cha mchana. Daulat ni mtu wa Mwanza, mkubwa wa mwili na wa roho, na akiingia mahali husema kabla ya kufika.

"Jamani, kelele zinafika kwa muuza matairi! Noordin, shinikizo lako la damu. Shikamoo mume wangu, nani tena amekufa?"

"Nimerogwa, Daulat. Mtu ametia bizari kwenye ndoo yangu."

"Ndoo ipi?"

"Hii! Ndoo ya maji! Hii niliyokwenda nayo nyumbani Jumamosi ile ya joto!"

Daulat akaitazama. Ilikuwa palepale sakafuni, nyeupe, mpini wa bluu. Akaiinamia, akaigeuza kama anayeitambua sura ya mtoto wa jirani.

"Hii si ndiyo ile ya gereji? Mimi nilikuta humo maji machafu yanatoa uvundo. Nikajua umefulia vitambaa vya huku ukasahau. Nikamwaga, nikaisugua kwa dawa ya kuua wadudu mpaka ikang'aa. Tena ikanifaa, maana Jumapili tulikuwa na wageni wengi, sufuria zote zimejaa, nikakorogea humo mtindi wa kunywa. Ule mwepesi, wa chumvi na bizari." Akaiweka chini ndoo. "Usiku nikaifunika na mabaki yake nikairudisha gereji, asubuhi nikaitafuta niyamwage, sikuiona. Nikasema labda binti yetu Zara ameiosha."

Mashine ya baridi ilinguruma, ikajizima. Mimi nilikuwa na kreti mikononi na sikuthubutu kuiweka chini.

Noordin alikaa juu ya stuli. Yale maji yalikuwa yametoka kwa mama yake Firmin, na kwa mama wa mama, yakavuka bahari ndani ya begi la mtu, yakapita mbele ya walinzi wa uwanja wa ndege, yakaja kuishia kwenye mtaro wa gereji yake, kwa sababu aliyaficha. Niliona inamwingia polepole. Machozi yakamtoka, na hakuyafuta kwa sababu mkono ulikuwa na jibini ya Jalaludin.

Akaitazama ile jibini.

Sasa hapa ndipo mimi nilipoacha kujifanya napanga kreti. Kwa sababu uso wake ulibadilika. Alikuwa amefikiria lile ambalo sisi wengine tulikuwa tumeshalifikiria: kama yale maji yapo bado mahali duniani, yapo kwa mtu mmoja tu. Na yapo kwa huyo mtu ikiwa tu Cherotich aliiba. Kama hakuiba, yamekwisha.

"Mama Derek," Noordin akasema. Sikuwahi kumsikia akimwita hivyo. "Ile baridi. Shahnaz alikuja hapa. Mimi najua alikuja, kachori zake nazijua harufu. Alikuomba?"

Cherotich alifunga bomba.

"Sitakufukuza. Sitamwambia mtu. Ulimpa maji?"

Cherotich akapanga kopo la mwisho.

"Sema ndiyo," Noordin akasema. "Mama, nakuomba. Sema tu ulimpa."

"Noordin, si dakika hii ulikuwa unamwita mwizi?" Daulat akauliza.

"Nyamaza, Daulat, ni mwizi, inshallah ni mwizi!"

Nilicheka. Sikupenda, lilinitoka. Cherotich hakucheka. Alijifuta mikono kidole kwa kidole, akavua aproni, akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya mkoba, na hapo nikaacha kucheka, kwa sababu aproni yake huwa anaiacha kwenye msumari. Akachukua mwavuli. Halafu akavuta stuli, ile ile, Noordin akasimama kumpisha bila kuambiwa. Akapanda, akanyoosha mkono mpaka kwenye rafu ya juu penye chupa za dawa, akauteremsha mtungi wake wa kioo. Akaupuliza vumbi. Akaunusa ndani.

"Hiyo ni ndiyo?" Noordin akauliza. "Mogaka, hiyo ni ndiyo?"

"Sijui, bosi."

"Nikupeleke na gari!" nikamwambia Cherotich. "Nakupeleka popote."

Alishapita mlangoni. Tukatoka nje wote watatu, Noordin na viatu vyake vilivyokatazwa, Daulat na mkebe wa chakula, tukasimama kwenye kivuli cha ukuta. Uwanja wa magari ulikuwa unawaka jua. Yeye alifungua mwavuli, akaupita katikati, mtungi mtupu kwapani, hatembei haraka wala polepole, kuelekea kituo cha basi.

Sasa shida ni hii. Jalaludin amepanga upande wa magharibi, vituo vichache tu kabla ya Dixon Road. Akienda kuomba maji kwa Jalaludin, au akienda kwake asirudi tena, basi la kupanda hapa ni lile lile.

"Mama!" Noordin akapaza sauti, mikono amefanya kama tarumbeta. "Unaenda kwa Jalaludin, au unaenda kwako? Mama Derek! Utarudi?"

Basi likaja, likainama upande kama yanavyofanya yale mabasi, mlango ukafunguka. Cherotich akafunga mwavuli, akaukung'uta kama vile ulikuwa na mvua, akapanda.